TOKENI NJE NA WATOTO WADOGO
Maelezo kwa wazazi na walezi wenye watoto wa mwaka 1 hadi miaka 3, makazi ya Nakivale



Karatasi hii inaeleza jambo ambalo wengine wanaliona dogo: kumchukua mtoto mdogo na kwenda naye matembezini, akaone shamba, majani, ndege na ng'ombe. Si safari ya kuchota maji wala ya kutafuta kuni. Ni matembezi kwa ajili ya mtoto mwenyewe.

Huenda utasema: "Mimi nina foleni ya maji, nina shamba, nina mgao wa kufuata. Nafasi ya kutembeza mtoto nitaipata wapi?" Swali hilo ni la haki. Hatukuombi siku nzima. Tunaomba nusu saa, mara mbili au tatu kwa juma. Hapa chini tunaeleza kwa nini inafaa, jinsi ya kuipata, na jinsi ya kumlinda mtoto asidhurike.

PORI SI LA KUKIMBILIA TU

Wengi wenu mliingia porini mkiwa mnakimbia. Mlilala kwenye majani, mlivuka mito usiku, mlimziba mtoto mdomo asilie. Ndiyo maana mama akiona kichaka moyo humwenda mbio, na mtoto akisogea hatua kumi kutoka mlangoni huitwa kwa ukali arudi. Hakuna wa kumlaumu mama huyo.

Lakini mtoto aliyezaliwa hapa hakuyaona hayo. Yeye husoma uso wako. Ukishtuka, naye hushtuka. Ukisimama kwa utulivu ukamwambia, "Tazama, ndege anajenga nyumba yake," naye hutulia na kutazama. Kwa njia hiyo unampa mtoto kitu ambacho vita ilitaka kumnyima: kuona kwamba nchi ina uzuri, na kwamba chini ya mti mtu anaweza kukaa bila hofu.

Chukua mfano wa mama mwenye mtoto wa miaka 2. Mtoto analia kutwa, anatupa vikombe, anavuta nguo zilizoanikwa. Majirani wanasema ana kichwa kigumu. Mama anampiga, na kilio kinazidi. Siku moja mama anakwenda kumwona dada yake upande wa pili wa kilima, na kwa kuwa mgongo unamuuma anamshusha mtoto atembee. Mtoto anaona ng'ombe, anasimama, ananyoosha kidole na kusema "Mboo!" Anaokota jani, anampa mama. Anachuchumaa kuangalia sisimizi. Njia ya dakika kumi inachukua nusu saa, lakini jioni ile mtoto anakula vizuri na kulala mapema. Mtoto huyo hakuwa na kichwa kigumu. Alikuwa amechoka kukaa.

MTOTO ANAPATA NINI?

1. Mwili wenye nguvu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, yaani saa tatu. Si kwa mfululizo, bali kidogo kidogo toka asubuhi hadi jioni. Mwongozo huo unasema pia kwamba mtoto asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja kwa mkupuo, hata akiwa mgongoni mwa mama. Mgongo wa mama ni mahali pema, lakini ukifika shambani mshushe anyooshe miguu.

2. Maneno. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia jina la kitu akiwa anakiona na kukishika. Nje kuna vitu vingi kuliko ndani ya nyumba: mgomba, jiwe, tope, kipepeo, upepo, kivuli. Kila kimoja ni neno jipya.

3. Akili. Akimimina mchanga, akibeba jiwe kubwa na dogo, akiona maji yanateremka, mtoto anajifunza uzito, kipimo na sababu ya mambo. Hii ndiyo shule yake ya kwanza, na haina karo.

4. Usingizi na utulivu. Mtoto wa mwaka 1 au 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Aliyecheza nje hulala vizuri zaidi.

5. Na wewe mwenyewe. Mtu mwenye mawazo mengi akikaa ndani huzidi kuwaza. Kutembea polepole ukishika mkono wa mtoto hakuondoi msiba wako, lakini kunakupa pumzi.

TWENDE SAA NGAPI, NA WAPI?

Saa nzuri ni asubuhi, kuanzia saa 2 hadi saa 4, au alasiri kuanzia saa 10 hadi saa 12. Jua la katikati ya siku ni kali kwa mtoto mdogo. Rudi nyumbani kabla ya giza, kwa sababu mbu wanaoleta malaria huuma hasa usiku.

Huna haja ya kwenda mbali. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, njia ya kwenda shamba la jirani ni safari kubwa. Mahali pazuri ni hapa:

- Shamba lako mwenyewe, wakati wa kupanda, kupalilia au kuvuna.
- Penye kivuli cha miti, mbali na barabara ya bodaboda na malori.
- Mahali pa wazi mlimani ambapo ziwa Nakivale linaonekana kwa mbali. Mtoto atazame maji akiwa juu, si akiwa ukingoni.
- Njia ambayo ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu hupita. Simameni pembeni, mbali, wapite.

Ziwa letu na mabwawa yake ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, ambayo mwaka 2006 iliandikwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye thamani kubwa. Ndege wa hapa ni wa kutazamwa. Mwonyeshe mtoto korongo mwenye taji, yule yule aliye kwenye bendera ya Uganda. Mwonyeshe kwera wanaosuka viota vyao vya mviringo. Huna cha kulipa.

Msipite katikati ya mazao ya watu. Mkikutana na wenyeji, wasalimuni: "Agandi?" Wao hujibu "Nimarungi." Mtoto wa miaka 2 akijifunza salamu hiyo, atafunguliwa milango mingi.

JINSI YA KUTEMBEA NA MTOTO MDOGO

Mwache yeye aongoze. Mtu mzima hutembea ili afike. Mtoto hutembea ili aone. Akisimama, simama. Akichuchumaa, chuchumaa naye. Ukimvuta mkono kila mara, matembezi yamekuwa kazi.

Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani. Kama nyumbani ni Kibembe, Kifulero, Kinyarwanda, Kirundi au Kiswahili, tumia hiyo hiyo. Usiogope kwamba atachelewa kujua lugha ya shule. Mtoto mwenye lugha moja imara hujifunza ya pili kwa urahisi. Mchicha ambao wengine mnauita lengalenga, sombe, mti wa dawa, nyasi ya kuezekea: majina hayo bibi na babu wanayajua. Mtoto huyu hajauona mlima wa kwenu. Akijua majina ya mimea ya kwenu, hatakuwa mgeni siku atakapouona.

Muulize, kisha ungoje. "Sisimizi anabeba nini?" Hesabu polepole hadi tano kabla hujajibu mwenyewe. Mtoto anahitaji muda wa kutafuta neno. Akisema "mbo", wewe sema: "Ndiyo, ng'ombe. Ng'ombe mkubwa mwekundu." Usimcheke.

Usimlazimishe. Mtoto akiogopa sauti ya pikipiki, ya ndege ya angani au ya mbwa, mbebe, mwambie ni nini, kisha kaeni kidogo. Kesho atasogea zaidi.

Kazi na matembezi vinaweza kwenda pamoja. Ukienda shambani, mpe mtoto eneo lake dogo lenye kivuli, pale unapomwona. Mpe mbegu za maharage apande mwenyewe, na kila mkienda mwende mkaone kama zimeota. Ukianua nguo, akupe vibanio. Baba naye asikae nyuma: mtoto anayetembezwa na baba hupata maneno mengine na michezo mingine, na mama hupata nafasi ya kupumzika.

Mnaweza pia kupeana zamu. Kina mama wanne wa mtaa mmoja wakikubaliana, wawili huenda na watoto na wawili hubaki na kazi. Kesho hubadilishana. Watu wazima wasipungue wawili, ili mmoja akirudi na mtoto mgonjwa, mwingine abaki na wengine.

KWA KILA UMRI

Mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu. Anaanza kusimama na kutembea. Mpe nyasi laini za kutambaa, jiwe kubwa la kushikilia, jani la mgomba la kuvuta. Kila kitu atakitia mdomoni. Kaa karibu naye, hatua moja tu.

Mwaka 1 na nusu hadi miaka 2. Anabeba, anamimina, anapanda. Mpe kikombe cha plastiki na mchanga safi. Mwache apande kilima kidogo na kushuka. Aige sauti za kuku, mbuzi na ng'ombe.

Miaka 2 hadi 3. Anakimbia na kuruka, anaunganisha maneno. Mtume: "Niletee jani refu. Sasa fupi." Hesabuni ng'ombe. Fumbeni macho msikilize: nani anasikia ndege? Mwulize nyumbani aeleze alichokiona.

Mtoto ambaye hatembei mwenyewe akiwa na mwaka 1 na nusu, au ambaye haunganishi maneno mawili akiwa na miaka 2, mpeleke kwa mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) au kituo cha afya aangaliwe. Si aibu na si laana. Mtoto mwenye ulemavu naye atoke nje kama wenzake: mbebe, mlaze kwenye kitenge chini ya mti, mtie jani mkononi, mgeuze aone mawingu. Asifichwe ndani.

VYA KUCHEZEA VISIVYO NA BEI

Mpira wa majani makavu ya mgomba. Mwanasesere wa gunzi la mhindi. Gari la kigogo cha mgomba. Ngoma ya dumu lililotoboka. Kuti la kufagia. Hivi vyote mlivichezea ninyi wenyewe, wafundisheni.

Angalizo moja: kitu chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni mwa mtoto, kama punje ya mhindi, harage, karanga, kokoto au kizibo cha chupa, kinaweza kumkaba. Achezee mbele yako tu, kisha vikusanye.

HATARI ZA KUANGALIA

Tunazitaja si kwa kukutisha, bali ili utoke ukiwa umejiandaa.

Maji. Hii ndiyo kubwa. Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji yasiyofika magotini mwake, na huzama kimya bila kupiga kelele. Jihadharini na mashimo ya matofali na ya murram yanayojaa maji ya mvua, mitaro, na vyoo vya shimo visivyofunikwa. Ukingoni mwa ziwa kuna hatari nyingine pia. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, basi msiwe huko alfajiri wala jioni. Na penye majani na konokono pana kichocho, ambacho huingia kwa kupenya ngozi. Mtoto asioge wala kucheza katika maji ya ziwa.

Jua na kiu. Kofia au kitambaa kichwani. Beba maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na mpe kila mara kidogo. Anayenyonya, mnyonyeshe.

Miguu. Miba ya migunga, vipande vya chupa na funza viko. Mvalishe ndala au viatu. Mkirudi, mwoshe miguu na uiangalie.

Kupe. Nchi hii ni ya ng'ombe, na kupe ni wengi. Mkirudi, angalia nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja. Kupe usimponde kwa vidole. Mshike karibu na ngozi kwa kibanio au kitambaa, mvute polepole, kisha nawa.

Mimea. Mti wa uzio wenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe kama maziwa huunguza macho. Mbegu za mbarika zenye madoadoa ni nzuri machoni lakini ni sumu kali. Muhogo mbichi asitafune, kwa sababu aina chungu ina sumu. Tunda usilolijua asile.

Wanyama. Asiguse popo wala mnyama aliyekufa. Mbwa asiyemjua asimsogelee. Ng'ombe mwenye ndama asikaribiwe. Mbwa akimuuma au kumkwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huzuiwa kwa chanjo, lakini dalili zikishaanza hakina tiba.

Radi. Mvua kubwa za hapa huja Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Wingu jeusi likitanda, rudini mapema. Msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Novemba 2024 radi ilipiga watu waliokuwa katika ibada kwenye makazi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, ikaua 14.

Udongo. Watoto hula udongo, na mayai ya minyoo huwa ndani yake. Mwoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mwezi wa Aprili na wa Oktoba, siku za afya ya mtoto, mpeleke apate dawa ya minyoo na vitamini A.

AKIPATWA NA JAMBO

Akiumwa na nyoka: mtulize, asitembee. Vua bangili na kamba zote mwilini mwake. Mguu au mkono ulioumwa usitikisike. Mbebe kwenda kituo cha afya mara moja. Usichanje, usinyonye, usifunge kwa kamba. Jiwe jeusi, ambalo wengi mnalijua toka Kongo, halitoi sumu. Linapoteza muda, na muda ndio uhai wa mtoto.

Nyoka akimtemea macho: osha macho kwa maji mengi safi, kisha nenda kituo cha afya.

Akikabwa na kitu: kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama hawezi kulia wala kupumua, mwinamishe kichwa kikiwa chini, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisicho­toka, kama ametimiza mwaka mmoja, simama nyuma yake, mkumbatie juu ya kitovu, ukiwa umekunja ngumi, vuta ndani na juu mara 5. Rudia zamu kwa zamu huku mtu akikimbia kuita msaada. Usitie kidole kooni bila kukiona kitu.

Akipata homa baada ya siku chache: usiseme "ni jua tu". Mpeleke apimwe malaria ndani ya saa 24.

AKIPOTEA

Kabla ya kutoka, mkubaliane ni nani anamwangalia nani. Neno "tunawaangalia wote" maana yake ni kwamba hakuna anayeangaliwa. Mtoto wa miaka 7 au 8 anaweza kucheza na mdogo wake, lakini asiachiwe peke yake jukumu la kumlinda.

Mfundishe mtoto mapema jina lake, la mama na la kijiji. Shona kitambaa ndani ya nguo yake chenye jina la kijiji na kanda: Base Camp, Juru au Rubondo. Usimvalishe kadi ya mgao wala hati ya familia. Hizo zibaki nyumbani.

Akipotea, kwanza tazameni penye maji na barabarani. Palipo salama patazameni baadaye. Mwambieni mwenyekiti wa RWC na polisi papo hapo, bila kungoja jioni. Ukimkuta mtoto wa mwenzako, baki naye mahali ulipomkuta na utume mtu akaite mwenyekiti. Usimpeleke nyumbani kwako.

MWISHO

Ndugu mzazi, hatusemi kwamba matembezi yatajaza tumbo au kurudisha kilichopotea. Mgao ukipungua, tunajua mawazo huanzia wapi. Lakini miaka mitatu ya kwanza ya mtoto haingoji mambo yatengemae. Inapita sasa, hapa Nakivale, kati ya turubai na shamba la mahindi. Makazi haya yamepokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wako waliokulia hapa ambao leo ni babu na bibi. Ukiwauliza habari za utoto wao, sikiliza kama watakutajia foleni ya mgao, au watakutajia kilima, ng'ombe na mtu aliyewashika mkono.

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mvike mtoto ndala, chukua chupa ya maji, toka naye nusu saa. Aliyeona sisimizi mmoja na akajifunza neno moja, amefanya kazi ya siku.

KUMBUKA: 1. Maji ya kunywa, kofia, ndala. 2. Mtu mzima hatua chache tu kutoka kwa mtoto. 3. Mbali na maji na barabara. 4. Rudini kabla ya giza. 5. Mwosheni mikono na miguu, mwangalieni kupe.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii. Asiyejua kusoma asomewe.